Mgeni Aliyesahauliwa Kuagwa

Kiti kilikuwa cha moto.

Shangazi aliweka kiganja juu ya kile kiti cha plastiki cha kijani, akakiondoa, akakirudisha tena, kama mama anayempima mtoto homa. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, saa moja na dakika kumi, na chumba cha mazungumzo kilikuwa hakijafunguliwa tangu Ijumaa. Ufunguo alikuwa nao yeye. Dirisha lilikuwa limefungwa, jua halijafika upande ule wa nyumba, na viti vingine viwili vilikuwa baridi kama kawaida ya viti. Hiki kimoja kilikuwa na joto la mtu aliyekaa muda mrefu na kuinuka sasa hivi.

“Labda paka,” alijiambia. Halafu akakumbuka kwamba nyumba ile haina paka.

Nyumba yenyewe haikuwa hospitali na haikuwa hoteli, ingawa majirani waliipa majina mengine ambayo hayafai kuandikwa. Ilikuwa na vyumba sita, ua, tangi la maji, na nyuma yake kiwanda cha mbao kilichopiga kelele kuanzia asubuhi hadi jioni. Mtu ambaye dunia imemgeukia kichwani aliletwa hapo na ndugu zake, au alijileta mwenyewe, akakaa wiki mbili tatu pamoja na wasindikizaji. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Shangazi, usindikizaji. Hawakumfunga mtu kamba, hawakumpigia kelele, hawakumfungia mlango. Walikaa naye tu, mchana na usiku, mpaka kibaya kipite. Shangazi alikuwa na miaka kumi na moja katika kazi hiyo, na kila mtu alimwita Shangazi, hata Daktari aliyekuja mara mbili kwa wiki na ambaye kwa umri angekuwa kaka yake mkubwa.

Pale kulikuwa na ada yao. Aliyeingia hakuitwa mgonjwa. Aliitwa mwenyeji, kwa sababu nyumba ni yake na akili ni yake. Kinachomsumbua, iwe ni sauti, hofu au huzuni isiyo na sababu, ndicho kilichoitwa mgeni. Na mgeni hapigwi, hatukanwi. Anawekewa kiti kitupu, anakaribishwa, anaulizwa shida yake, anasikilizwa. Kisha anaagwa. Msindikizaji na mwenyeji wanasimama wote wawili, wanambebea kiti mpaka getini, wanasema kwa sauti, “Kwaheri, njia ile pale,” halafu wanarudi ndani na kiti kimegeuzwa miguu juu. Daktari alisema ni njia ya kumsaidia mtu ajitenge na maradhi yake, basi. Ilisaidia wengi.

Juu ya mlango wa chumba hicho Fundi alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Herufi za mwisho zilibanana kwa sababu hakupima nafasi. Fundi naye alikuwa msindikizaji. Zamani alitengeneza saa, na miaka tisa nyuma mama yake alimleta pale akiwa hajalala siku sita, akiamini kwamba saa zote za mji zinamsengenya. Akapona, akabaki kufanya kazi. “Mimi ni saa iliyotengenezwa,” alipenda kusema. “Nakwenda vizuri, lakini msinitikise sana.”

Shangazi alikitazama kile kiti cha kijani, akarudi nyuma hatua moja, kwa sababu alijua ni mgeni wa nani wa mwisho kuwekewa kiti hicho.

Wiki tatu nyuma kaka mmoja alimleta dada yake, mwalimu wa hesabu. Sauti ilikuwa imehamia nyuma ya sikio lake la kushoto, ikimsahihisha. Akihesabu watoto darasani, ilihesabu naye, ikapata jibu lingine. Akipika, ilimwambia amekosea. Siku moja alihesabu ngazi za shule mpaka juu kabisa kwenye paa, na huko mlinzi ndiye aliyemwahi. Alipofika kwenye ile nyumba alikuwa hajalala siku nne, na alikuwa akinuka pasi ya moto iliyowekwa juu ya nguo mbichi. Shangazi alidhani ni nguo zake.

Siku ya tano wakaweka kiti.

“Karibu,” Shangazi alikiambia kile kiti kitupu, kama alivyoviambia viti vingine mia. “Kaa. Hapa hatufukuzi mtu.”

“Amekaa,” Mwalimu akanong’ona.

Plastiki ikalia. Shangazi aliisikia kwa masikio yake, lakini kabla hajapata nafasi ya kuogopa, kelele zikalipuka uani: mwenyeji wa chumba cha pili, mpishi mmoja mnene na mpole, alikuwa amepanda juu ya tangi la maji na hataki kushuka. Shangazi akatoka mbio. Ilimchukua saa mbili za kubembeleza, shingo ikiwa imeinuka juu, mpaka yule mpishi akashuka akilia. Aliporudi chumbani, Mwalimu alikuwa amelala sakafuni, kinywa wazi, uso umenyooka kama wa mtoto aliyeshiba. Nani angemwamsha mtu ambaye hajalala siku zote hizo ili aje kukiaga kiti? Akamfunika shuka, akaondoka.

Jioni, kwenye daftari la zamu, kulikuwa na mahali pameandikwa: *Mgeni ameagwa?* Shangazi alikuwa amechoka. Na tuseme ukweli, alikuwa na tamaa kidogo ya sifa, maana Mwalimu alishawashinda wasindikizaji wawili kabla yake. Akaandika *Ndiyo*, akatia sahihi.

Kesho yake Mwalimu aliamka akiomba chai. Baada ya wiki akarudi kwake, na Daktari akasema mbele ya wote, “Shangazi, mkono wako ni dawa.” Shangazi akatabasamu.

Jumanne kikaja kikohozi. Kilikuwa kikohozi kidogo, cha adabu, cha mtu anayesubiri zamu yake na hataki kukatiza mazungumzo ya wakubwa. Kilitoka chumba cha mazungumzo na hamkuwa na mtu. Jumatano ikaja ile harufu ya pasi, ikakaa kwenye korido, ikaingia kwenye mashuka, na Shangazi akazunguka nyumba nzima akitafuta nani anapiga pasi. Alhamisi akaja Dereva.

Dereva alikuwa mwenyeji mwingine, mzee wa lori aliyemgonga mtu barabarani mwaka juzi. Tangu hapo mikono ilimtetemeka na kulala gizani kukamshinda. Lakini wiki hiyo alikuwa amefika mbali. Aliweza kushika kikombe bila kumwaga, na Ijumaa binti yake angekuja kumchukua.

“Shangazi,” alisema, akimvuta pembeni, sauti chini, “mbona jana uliniambia maneno yale?”

“Maneno yapi, mzee wangu?”

“Mle chumbani. Nilikuwa napita, ukaniita, ukaniambia nikae.”

“Jana mchana mimi nilikuwa sokoni.”

“Uso sikuuona, uligeukia ukuta. Lakini sauti ni yako, siwezi kuikosea.” Alilamba midomo. “Ulinisikiliza vizuri sana. Hujawahi kunisikiliza vile. Nikasema yote, mpaka jina la yule niliyemgonga. Nilipomaliza ukaniambia, taratibu kabisa: ‘Mzee, hakuna anayepona. Watu wanazoea tu. Na wewe umechelewa hata kuzoea.’”

Shangazi alimshika mikono yote miwili. Ilikuwa ikitetemeka kama siku ya kwanza.

“Si mimi,” alisema. “Wallahi si mimi.”

“Basi,” Dereva akajibu, “yupo mwingine anayekujua sana.”

Ijumaa binti alikuja na nguo safi ndani ya mfuko, akakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri, akaondoka na mfuko wake. Mzee hakutaka kutoka. Kufikia Jumamosi yule mpishi naye alikuwa amegeukia ukuta, na msusi wa chumba cha sita hakula. Wote watatu walisema kwamba Shangazi aliwaita akawasikiliza.

Jumamosi hiyo hiyo, mchana mweupe, msumeno wa kiwandani ukiwa umenyamaza kwa ajili ya chakula, Shangazi alikuwa kwenye korido akikunja mashuka aliposikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa inazungumza nyuma ya mlango, kwa ule upole aliojifunza kwa miaka kumi na moja, ikiuliza “na baada ya hapo ulijisikiaje?”, ikinyamaza pale ambapo yeye angenyamaza, ikiguna pale ambapo yeye angeguna, na shuka likamtoka mikononi likaanguka na hakuinama kuliokota, kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kwenda yenyewe kuelekea kwenye ule mlango wenye maandishi mekundu, na harufu ya pasi ilikuwa nzito kiasi kwamba macho yalimtoka machozi, na alipousukuma mlango alimkuta Dereva ameketi peke yake, mikono mapajani, akilia bila sauti, na mbele yake kile kiti cha kijani kimebonyea katikati kama kinavyobonyea kiti chochote chini ya mtu mzima.

“Mzee, nenda chumbani kwako,” Shangazi alinong’ona. “Nenda, usigeuke nyuma.”

Mzee akatoka. Kiti kikalia. Kikaja kile kikohozi.

“Nilikuwa nakusubiri,” ilisema sauti ya Shangazi.

“Wewe ni nani?”

“Mgeni. Uliniambia nikae, nikakaa. Sijaambiwa niondoke.”

“Ondoka!”

“Ndivyo mnavyoaga? Wenzako husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hata jembe sikupewa. Na umeandika kwamba nimeagwa, ukatia na sahihi. Nani mwongo kati yetu?”

Shangazi alijishika kwenye fremu ya mlango. “Unataka nini?”

“Ada yenu, hiyo tu. Msindikizaji na mwenyeji, wamesimama wote wawili. Niitie Mwalimu. Mniage kama watu, niende zangu. Usipomwita, nitakaa hapa niendelee kukusaidia kazi.”

Jioni alimpigia simu Daktari aje, wakakaa jikoni, yeye, Daktari na Fundi. Akawaeleza yote, na lile *Ndiyo* la uongo akalitaja pia, uso ukimuwaka kwa aibu. Daktari alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akainamisha kichwa upande kidogo, na Shangazi akajua kinachokuja, kwa sababu yeye ndiye aliyewafundisha wapya namna ya kuinamisha kichwa.

“Naamini kwamba umemsikia, Shangazi.”

“Sikusema nimemsikia. Nimesema yupo.”

“Kwako wewe yupo. Na hilo tunaliheshimu.”

Shangazi alitaka kucheka. Miaka kumi na moja alikuwa amewagawia watu maneno haya, asubuhi na jioni, na hakuwahi kuyaonja. Sasa alijua ladha yake. Ni kama kupewa maji kwenye kikombe kitupu, na anayekupa anakutazama kwa huruma mpaka umalize kunywa.

“Fundi,” alisema, “na wewe je?”

Fundi alikuwa ameziba pua kwa mkono wa shati, kama mtu mwenye mafua. Alitazama mlango wa korido, akatazama kijiko chake.

“Jana ulilala saa ngapi, Shangazi?” aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Wakampa likizo ya wiki moja. Walimpa kwa upole, na huo upole ndio uliomuuma.

Jumapili alirudi kwa kisingizio cha kuchukua mwavuli, akakibeba kile kiti, akapita mlango wa nyuma hadi kiwandani na kukitupa kwenye moto wa mabaki ya mbao. Plastiki ikakunjamana, ikatoa moshi mweusi. Akasimama pale mpaka ikabaki dimbwi. Aliporudi kuchukua mwavuli, kikohozi kilimpokea kwenye benchi la mapokezi.

Basi Jumatatu akaenda kumtafuta Mwalimu.

Njia nzima alijibishana na nafsi yake. Ni nusu saa tu, alijiambia. Atakuja, tutasimama, tutasema kwaheri, atarudi kwake. Dereva atarudi kwa binti yake. Nafsi ikamuuliza: na akikitazama kiti, ile sauti ikimrudia nyuma ya sikio, utamjibu nini kaka yake? Huyu mtu alitolewa juu ya paa. Lakini miguu haikusimama.

Shuleni walimwambia asubiri kwenye benchi nje ya ofisi. Alikaa upande mmoja. Baada ya muda kidogo upande wa pili ukalia na kushuka, naye akadhani benchi ni bovu. Kupitia dirishani alimwona Mwalimu ubaoni, chaki mkononi, mikono imejaa vumbi jeupe, akiwakaripia watoto huku anacheka.

“Nani amesema saba mara nane ni hamsini na nne? Nani huyo? Simama tukuone, na mimi nilikuwa hivyo hivyo!”

Kengele ilipolia alitoka mbio mbio. “Shikamoo, Shangazi! Umekuja kunikagua?”

“Marahaba, mwanangu. Nilikuwa napita tu. Unaendeleaje?”

“Kuna kimya, Shangazi.” Mwalimu aligusa kichwa chake, kama mtu anayeonyesha nyumba mpya. “Unajua nimesahau kwamba kimya kina utamu? Asubuhi naamka, nakisikiliza tu. Kaka anadhani nimelala.”

Shangazi alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari, alikuwa ameyapanga njia nzima. Ndipo Mwalimu akanusa hewa.

“Kuna mtu anapiga pasi hapa?”

“Ni gauni langu,” Shangazi alisema haraka. “Nililiunguza asubuhi.”

Mwalimu akacheka, lakini mkono wake ulikuwa unapanda wenyewe, polepole, kuelekea sikio la kushoto. Na nyuma ya bega la Shangazi, kidogo, kwa adabu, mtu akakohoa.

Hapo ndipo Shangazi alipoelewa. Daftari la ile nyumba haliandiki mtu anakaa wapi wala anafanya kazi wapi, kwa kulinda siri za watu. Mambo hayo yalikuwa kichwani mwake yeye. Mgeni hakutaka kuagwa hata kidogo, alitaka kuonyeshwa njia, na yeye msindikizaji hodari, mwenye mkono wa dawa, amemsindikiza kutoka mlango hadi mlango, akapanda naye ngazi, akakaa naye benchi moja, akamleta mpaka mbele ya Mwalimu mwenyewe.

“Rudi darasani, mwanangu,” alisema.

“Lakini ni mapumziko, Shangazi, njoo basi unywe hata—”

“Rudi kwa watoto. Sasa hivi. Waambie wahesabu kwa sauti, na wewe hesabu nao.”

Alimsukuma kwa mabega, karibu kwa ukali, na alipoona mlango umefungwa akageuka, akatembea kwenda getini bila kukimbia, akizungumza kwa sauti ya chini, na mlinzi wa geti akamtazama mama mtu mzima anayezungumza peke yake akatikisa kichwa.

“Huyo si mwenyeji wako tena,” alikuwa akisema. “Aliyekukaribisha ni mimi. Mimi ndiye niliyekuandikia uongo. Kiti chako nimekichoma. Haya, karibu.” Akajipiga kifuani kwa kiganja. “Kaa hapa. Hapa hatufukuzi mtu.”

Kwanza hakuna kilichotokea. Halafu kitu kikaketi. Alikisikia kikijisogeza, kikitafuta namna nzuri ya kukaa, mpaka pumzi yake ikabaki nusu.

Jioni hiyo alisimama mbele ya Fundi na mfuko wa nguo. “Nipe chumba cha nne,” alisema. Hakuna aliyeshangaa.

Wema waliomfanyia ulikuwa wa kweli. Walimletea maji, walikaa naye, hawakumfungia mlango, wakamwita mwenyeji. Na ndani yake, kwa sauti yake mwenyewe, yule mgeni alimtajia kila mtu ambaye yeye alishindwa kumsaidia, jina kwa jina, kwa huruma kubwa. Kila asubuhi Fundi alileta kiti, cha bluu safari hii, akakiweka mbele ya kitanda.

“Tumkaribishe mgeni wako, Shangazi?”

“Ondoa.”

“Tumsikilize tu.”

“Fundi, ondoa kiti hicho! Hakuna mgeni. Sina mgeni.”

Maana alijua fika: siku mgeni akiinuka kifuani mwake akakaa kwenye kiti kile, atamhamia aliyesema karibu. Basi akauma meno, akakataa kupona. Daktari akaandika kwenye daftari, *Hayuko tayari kusaidiwa.* Shangazi aliwahi kuandika maneno hayo juu ya watu saba. Sasa alijiuliza kila mmoja wao alikuwa akimlinda nani.

Siku ya nane Dereva alikuja kumuaga. Mikono ilikuwa imetulia, binti amesimama mlangoni na ule mfuko. “Yule mwingine hayupo tena,” mzee alinong’ona. “Ugua pole, mama. Utapona.” Shangazi aliutazama ukuta mpaka wakaondoka, kwa sababu kama angefungua mdomo, hakuwa na hakika nani angejibu.

Siku ya kumi na mbili Daktari alimwongezea dawa ya usingizi. Alilala asubuhi, akaamka mchana, na kitu cha kwanza alichosikia kilikuwa msumeno wa kiwandani. Msumeno tu, na nyuma yake kimya. Akashika kifua chake, kikapanda na kushuka bila mzigo. Kimya kilikuwa kitamu kweli, Mwalimu hakudanganya. Alilia kwa furaha, na alikuwa angali analia hivyo alipogeuza kichwa akakiona kile kiti cha bluu kando ya kitanda. Akanyoosha mkono.

Kilikuwa cha moto.

Fundi alikuwa kwenye ngazi za uani, ameweka mikono magotini. Harufu ya pasi ilimfikia Shangazi kabla hajafika.

“Umefanya nini, Fundi?”

“Nilimkaribisha ukiwa umelala. Usinipigie kelele, naomba. Huyu naye ana kelele za kutosha.”

“Ulijua yupo?”

“Tangu siku ile jikoni.” Fundi hakumtazama. “Niliisikia harufu, Shangazi. Niliziba pua. Wewe ulikuwa unanitazama, unangoja neno langu moja, na mimi nikakuuliza ulilala saa ngapi. Mtu kama mimi akisema na yeye anasikia, unajua anapelekwa wapi. Nilikaa miaka tisa nikiogopa kurudishwa chumba cha nne. Nikakuacha uingie wewe.”

Shangazi alitafuta hasira, akaikosa. “Mwenyeji ni wewe,” alisema. “Mimi ni msindikizaji. Inuka, tumuage. Tumuage kama ada inavyotaka.”

Wakasimama wote wawili. Wakakibeba kiti cha bluu, yeye miguu ya mbele na Fundi ya nyuma, wakapita uani, wakafika getini. Shangazi akafungua geti lote wazi. “Asante kwa kuja,” alisema kwa sauti, na kila neno alilimaanisha au alijaribu. “Kwaheri. Njia ile pale.” Fundi naye akasema kwaheri. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua na hapakuwa na mtu. Wakarudi na kiti miguu juu, hawakugeuka nyuma hata mmoja.

Shangazi aliingia chumba cha mazungumzo, akafungua daftari. *Mgeni ameagwa?* Akashika kalamu, akasubiri. Alimsikia Fundi akikaa tena kwenye ngazi. Akasubiri zaidi. Msumeno ukanyamaza kwa ajili ya chakula, na katika ule utulivu, kutoka kwenye ngazi, akasikia kikohozi kidogo cha adabu.

Akaandika *Hapana.* Akarudisha kurasa hadi kwenye lile *Ndiyo* lake la zamani, akalikata kwa mstari mmoja, akaandika juu yake *Hapana*, akatia sahihi. Kisha akatoka na kiti chake mwenyewe, akakiweka ubavuni mwa Fundi, si mbele yake.

“Hakuna anayepona,” Fundi alisema. “Watu wanazoea tu.”

Ilikuwa sauti ya Fundi, lakini upole wake ulikuwa wa Shangazi.

“Basi tutazoea,” Shangazi akamjibu, yeyote aliyekuwa amesema. “Sogea nikae.”